Esteri Ale Nini?

Esteri alikuwa uani anachambua maharage. Mama mkwe wake, Sabina, alikuwa jikoni anasonga ugali wa muhogo. Waliishi kijijini Murungu, pamoja na Niyomwungere, mume wa Esteri. Hii ilikuwa mimba ya kwanza ya Esteri. Kichefuchefu kilikuwa kimekwisha. Sasa alisikia njaa tangu anapoamka.

Chakula kilipoiva, Sabina alimpa Esteri tonge dogo na mboga kidogo. Yai alimpa Niyomwungere.

"Mama, naomba uniongezee," alisema Esteri.

"Hapana, mwanangu. Ukila sana, mtoto atakuwa mkubwa, atashindwa kutoka. Na mayai usiyaguse kabisa."

Esteri alikula tonge lake akiwaza. Sabina hakuwa mchoyo. Alimsaidia kuchota maji, alimtandikia kitanda. Kwa nini basi amnyime chakula?

Jioni Esteri alikwenda dukani kununua chumvi. Mwenye duka, Mwanaamina, alimtazama akashika kiuno.

"Karibu, Esteri! Mbona umekonda hivyo? Mjamzito anakula chakula cha watu wawili. Chukua soda, chukua na maandazi. Mtoto anataka sukari."

Esteri alikula haraka haraka, kama mtu anayeiba. Siku zilizofuata alirudi tena. Tumbo lilijaa, lakini njaa ilirudi upesi na mwili ukawa mlegevu. Sokoni, mama mmoja alimpa udongo wa kutafuna. "Huu unatuliza moyo," alisema. Nayo redio ilisema mjamzito anywe maziwa na ale samaki.

"Maziwa tutayatoa wapi?" Esteri alimuuliza mumewe.

Niyomwungere alikuna kichwa. "Mimi mambo ya wajawazito siyajui. Msikilize mama."

"Na Mwanaamina?"

"Naye msikilize."

"Lakini wanasema vitu tofauti!"

Niyomwungere alicheka. Esteri hakucheka. Akila, aliogopa mtoto atakwama. Asipokula, aliogopa mtoto atakufa njaa humo humo tumboni. Hata alipoweka tonge mdomoni hakujua kama anamsaidia mwanawe au anamdhuru.

Siku moja walikuwa shambani wanang'oa maharage. Esteri aliinama, kisha akaona giza. Akaanguka juu ya majani.

"Esteri! Esteri!" Sabina alipiga kelele.

Niyomwungere aliita bodaboda. Wakampeleka zahanati, Sabina akafuata nyuma kwa miguu, anahema na kulia.

Nesi aliyewapokea aliitwa Asia. Alimpima Esteri presha, akampima damu, akavuta kope yake ya chini na kuitazama. Kisha akampandisha kwenye mizani.

"Uzito umeshuka tangu ulipokuja mara ya kwanza," alisema. "Na damu ni kidogo. Esteri, unakula nini?"

Esteri alimtazama mama mkwe wake, akatazama chini. Halafu maneno yakamtoka yote kwa pamoja: tonge dogo, soda, maandazi, udongo, redio. "Nesi, kila mtu ananiambia lake. Mimi nimsikilize nani?"

Kabla nesi hajajibu, Sabina alianza kulia tena.

"Ni mimi niliyemnyima," alisema. "Nilikuwa na binti, Anisia. Alikula vizuri, akanenepa. Siku ya kujifungua, mtoto alikwama. Tulikuwa nyumbani. Tulipofika hospitali, wote wawili walikuwa wamekufa. Sikutaka kumzika na huyu."

Esteri hakuwahi kuambiwa habari hiyo. Alimshika Sabina mkono.

"Pole sana, mama," alisema Asia kwa sauti ya chini. "Anisia hakuuawa na chakula. Mtoto anaweza kukwama kwa sababu nyingi. Pengine nyonga ya mama ni nyembamba, pengine mtoto amelala vibaya tumboni. Kinachookoa ni kujifungulia mahali penye wataalamu, na kufika mapema. Kumnyima mama chakula hakumkingi. Mama asiyekula anakosa damu, na mtoto anaweza kuzaliwa mdogo na dhaifu."

"Kwa hiyo ale kwa watu wawili?" aliuliza Sabina, bado amechanganyikiwa.

"Hapana, siyo mara mbili. Ale milo yake ya kila siku, aongeze mlo mmoja mdogo. Mwenye uzito wa kawaida huongezeka kama kilo kumi na moja hadi kumi na sita mpaka anapojifungua. Mwembamba kama Esteri anahitaji zaidi kidogo, mnene anahitaji pungufu. Huongezeka polepole, ndiyo maana tunampima kila anapokuja kliniki."

"Maziwa hatuna," alisema Esteri.

"Maharage mnayo? Dagaa je?"

"Tunavyo."

"Na mboga za lengalenga, isombe ya majani ya muhogo, parachichi, mapapai. Hivyo vyote ni chakula chako. Mayai kula, ila yaive vizuri. Soda na maandazi vinashibisha tu, havijengi damu. Udongo uache, una minyoo. Na hivi vidonge vya kuongeza damu meza kila siku, usivimeze na chai."

Tangu siku ile Sabina alibadilika. Alipika isombe kwa mawese na dagaa, akakaa karibu mpaka Esteri amalize sahani. Mchana alimletea parachichi au yai la kuchemsha. Niyomwungere alibeba kuni yeye mwenyewe, mkewe apumzike. Kila kliniki uzito ulipanda kidogo, na kizunguzungu kikaisha.

Siku za kujifungua zilipokaribia, walihamia kwa shangazi yake Niyomwungere mjini Kibondo, karibu na hospitali. Uchungu ulipoanza walifika mapema. Esteri alijifungua salama mtoto wa kike, mwenye kilo tatu na ushee. Sabina alimpakata, akamfunika kwa kanga yake.

Baadaye shangazi aliingia wodini na kikombe cha maji ya sukari.

"Mpeni mtoto maji haya," alisema. "Yale maziwa ya kwanza ya njano ni machafu, yakamueni myamwage."

Esteri alimtazama Sabina. Sabina alikichukua kile kikombe, akakiweka mbali.

"Subiri, wifi yangu," alisema. "Twende kwanza tukamuulize nesi wa hapa."