Jiwe la Mvua la Rungwe

Sedekia alijipaka dawa ya kutoonekana kwenye paji la uso kwa mara ya tatu.

"Na sasa?"

"Nakuona, kaka," alisema Ikupa, mwenzake wa Idara, ofisi ya kulinda vitu vya uganga. "Hata kifungo cha shati kilichokatika nakiona."

Zamani tone moja lilitosha siku nzima. Sasa, Novemba 1954, kopo zima lilimng'arisha paji tu.

Walikuwa stendi ya Mlandege, Iringa, saa tisa alasiri, ndani ya Land Rover. Simu ya upepo ilikoroma.

"Mbeya hapa. Mwizi wa jiwe la mvua la Rungwe yumo ndani ya basi linalokuja huko. Mnunuzi mgeni anamsubiri hapo Iringa na ndege."

"Sura yake?"

"Haijulikani. Tumia maji."

Jiwe likivuka mpaka, mvua ya Rungwe imekwisha. Mama yake Sedekia alishalima huko. Mbegu zilikuwa ndani ya kapu, zikisubiri mvua.

Alitazama maji ndani ya kibuyu. Zamani yangemwonyesha mwizi mpaka kovu lake.

Yalimwonyesha paji linalong'aa.

Basi likaingia. Wakashuka kwenye gari. Sedekia akashika bastola yake ya Webley ndani ya koti.

"Kamwene, kamwene," mzee mmoja aliyevaa mgolole wa Kihehe aliwasalimia watu akishuka kwenye basi, kikapu cha maharage begani, kama mtu aliyerudi kwao.

Kisha akamwona Ikupa.

Akaruka mtaroni.

Ikupa naye alishajifunika khanga kichwani na kuchutama nyuma ya gari.

"Kuna nini, dada?"

"Baba wa mume wangu. Alituandikia yuko Makongolosi, anachimba dhahabu."

Kwao Rungwe, mzee na mke wa mwanawe hawatazamani. Mwizi alibadilisha nguo na lugha. Kuacha mwiko huo kulimshinda.

"Anaitwa nani?"

"Mimi silitaji jina lake."

"Ni kazi ya Idara."

"Hata kwa Idara, kaka."

Sedekia alishusha pumzi. Akaruka mtaro.

Mzee alikimbia vizuri kwa umri wake. Alirusha nyuma unga wa kumpumbaza anayemfuata.

Sedekia akapiga chafya. Basi.

Kwenye ukuta wa ghala, Webley ilimgusa mzee mgongoni.

"Mkwe wangu ameondoka?" mzee aliuliza.

"Amejificha."

"Afadhali."

Jiwe lilikuwa chini ya maharage. Zamani lilitoa jasho mkononi. Sedekia alilishika kwa muda mrefu.

Kavu.

"Nilikuwa nauza jiwe tu, mwanangu. Mvua ilishatoka humo."

"Labda."

Askari walimpeleka mzee kituoni kwa miguu. Hakukubali kupanda gari moja na mkwewe, na Ikupa vilevile. Ndege ndogo ya mnunuzi ilipita juu, ikienda zake bila mzigo.

"Umelipata?" Mbeya iliuliza.

"Nimelipata."

"Linafanya kazi?"

Sedekia alitazama mbingu. Hakukuwa na wingu.

"Gari linabaki Iringa; basi la kurudi huko ni kesho saa kumi na mbili asubuhi. Nitalirudisha mahali pake, halafu nitakujibu."

Alilifunga jiwe kwa kitambaa kilicholowa, akalitia mfukoni, akaenda kutafuta kifungo cha shati lake.