Kipande cha Shati la Delbert

Shemeji yangu Delbert hakuwahi kukosa kulungu, na jambo hilo lilimkera kaka yake Rosaire, ambaye ni mume wangu. Katika kibanda chao cha magogo, huko misitu ya Maine, Marekani, ukuta mmoja ulijaa vipande vya mashati. Akosaye shabaha hukatwa shati lake nyuma kiunoni, kipande kikapigiliwa msumari. Mkataji alikuwa baba yao, Alcide, mtu wa mkono wa kushoto. Mkato wake ulikwenda mshazari. Tulimzika na kisu chake mfukoni.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya msimu. Theluji mpya, laini kama unga. Nyumbani kwa Delbert jokofu lilikuwa tupu, na watoto wanne walishachoka na maharage.

"Leo hilo shati halilali zima," Rosaire alisema, akafunga mlango na kutia ufunguo mfukoni.

"Kisu chako kitaota kutu kwanza, kaka."

Wakaachana. Rosaire alikwenda kukaa kijitoni, ng'ambo ya kilima. Delbert akaanza kunyatia kama baba alivyomfundisha: hatua tatu, simama, tazama. Hatua tatu. Simama.

Nyuma yake, hatua tatu. Zikasimama.

"Rosaire, acha utoto," alinong'ona.

Akageuka. Kwenye theluji zilikuwapo nyayo zake tu.

Akaendelea. Tatu. Nyuma, tatu. Ikaja harufu ya tumbaku ya kiko. Tumbaku ya baba.

Ndipo akamwona kulungu dume kati ya misonobari, ubavu wazi. Nyama ya miezi yote ya baridi. Akainua bunduki.

"Bado," ikanong'ona sauti sikioni.

Kidole kilishavuta. Papo hapo shati likavutwa kwa nyuma, ndani ya koti lililofungwa vifungo vyote. Risasi ikapaa. Dume akatoweka.

Nyuma ya pale aliposimama dume, Rosaire alikuwa amechuchumaa, kofia yake ya rangi ya chungwa, ile ya kuonekana na wawindaji wengine, mkononi, akijifuta jasho. Shina lililo nyuma yake lilikuwa na tundu, shibiri moja juu ya kichwa chake.

"Nilikuwa namfuata huyohuyo," alisema taratibu.

Walirudi kibandani. Rosaire akafungua mlango, akachukua kisu.

"Desturi ni desturi. Vua koti, geuka."

Delbert akageuka. Rosaire hakukata.

Shati lilikuwa limeshakatwa. Mshazari.

Kipande kilikuwa ukutani, msumari umeingia hadi kichwani, kikidondosha maji ya theluji.

Baridi ile nyumba zote mbili tulikula maharage, na Rosaire alikaa mzima kwenye kiti chake mezani. Kipande kile bado kipo pale. Hadi leo hakijakauka.