Sikio la Nabii

Jumatatu asubuhi Consolée alivuka mto Luama na ugali uliofunikwa kwa kitambaa. Alipofika kwenye shamba lao la mihogo, kibanda kilikuwa kimeteketea na majivu yalikuwa bado ya moto. Kaka yake Musafiri hakuwemo.

Kabla ya adhuhuri Inspekta Hawa Sumaili, mwanamke wa Kasongo aliyehamishiwa Kabambare mwaka uliotangulia, alikuwa akichambua majivu yale kwa kijiti. Hakupata mfupa wala damu. Alipata alama za buti nyingi, zimeingia kwa njia ya mto na kutoka kwa njia hiyohiyo.

"Nani alijua kama alikuwa hapa?"

"Miye na mama tu," Consolée akajibu.

Musafiri alikuwa ametoroka kundi la wenye silaha lililomchukua kwa nguvu, na wenzake wa zamani waliapa kumuua.

"Na jana kanisani kulikuwa nini? Mji wote unasemasema."

Consolée akaanza kulia. Jana, mbele ya waumini wote, Nabii Ismaël alifumba macho, kinanda kikilia taratibu chini ya sauti yake, akasema: "Namuona mwanamke. Anaficha ndugu yake aliyetoka porini. Ngambo ya mto, kwenye mihogo." Watu walipiga vigelegele. Bafle, spika mbili kubwa zilizotazama barabara, zilipeleka maneno yale mpaka sokoni.

"Na nabii aliambiwa na nani?"

"Na Mungu." Kisha, kwa sauti ndogo: "Siku ya Ijumaa niliomba mu chumba ya maombi ya kanisa. Nilikuwa peke yangu, Mama Inspekta. Nililia kwa sauti."

Hawa alianza na Mama Estelle, mwombezi aliyeshika ufunguo wa chumba kile.

"Nafungulia mutu mulango, kisha naikala inje," Estelle alisema.

"Unasikia wanayosema?"

"Akilia sana, nasikia kidogo. Lakini kinywa yangu inafungwa." Alijibu upesi mno, na Hawa hakumwamini.

Kisha akamwendea Élysée, kijana wa vyombo vya sauti. Estelle alikuwa amemdokezea Hawa kwamba Consolée alikataa posa ya kijana huyo.

"Alinikataa, ndiyo," Élysée alisema, akiendelea kukunja nyaya. "Lakini kumuuza kaka yake auawe? Hapana, mama!"

Mezani pake kulikuwa na kisanduku cha kupokea sauti chenye taa nne za kijani, moja kwa kila micro, yaani kipaza sauti. Jukwaani, wanakwaya waliokuwa wakifanya mazoezi walishika micro tatu zisizo na waya.

"Ya nne iko wapi?"

"Ilipotea. Nabii alisema tutaitafuta."

"Na taa yake inawaka wakati gani?"

"Wakati micro yake iko wazi, inatuma sauti..." Alitazama taa ya nne, iliyokuwa inawaka. "Nilizania sanduku imeharibika."

Hawa hakwenda kuitafuta siku hiyo. Kuipata micro kungekuwa rahisi, lakini kungemwacha gizani kuhusu anayesikiliza. Na kama Musafiri alikuwa hai mahali fulani, kosa moja lingewarudisha wale wenye buti.

Jioni alimwendea Mama Marguerite, mama yao. Alimpa maneno matatu: amwambie Estelle kwamba Musafiri yuko Kasongo, amwambie Élysée kwamba yuko Kindu, kisha aingie chumba cha maombi peke yake na kusema kwa sauti kwamba mtoto amefichwa Salamabila, mji wa machimbo ya dhahabu, kwa shangazi yake.

Marguerite alishika kichwa. "Nidanganye Mungu, mwanangu?"

"Mungu anajua mutoto iko wapi, mama. Yeye hatadanganyika. Atadanganyika yule mwengine."

Mama yule hakulala siku zile. Kila pikipiki iliyopita nje ilimsimamisha wima. Hawa pia alikuwa na hofu ambayo hakumwambia mtu: kama Musafiri kweli alikuwa Kasongo, Kindu au Salamabila, basi yeye Hawa ndiye angekuwa amemuua.

Jumapili Inspekta alikaa nyuma, karibu na Élysée, mtandio kichwani. Kanisa lilijaa mpaka madirishani. Kwaya ilipomaliza, sauti ya kinanda ilishuka, na Nabii Ismaël akaweka kidole kwenye kidude kidogo kilichokuwa sikioni mwake. Watu waliambiwa ni cha kufuata muziki.

"Mama Marguerite, usilie tena. Mutoto anaishi! Naona vumbi ya zahabu. Naona Salamabila. Shangazi anamupatia chakula!"

Kanisa lililipuka. Msichana wa kwaya alimpelekea Marguerite micro atoe ushuhuda. Hawa alikuwa ameshatoka kwa mlango wa nyuma.

Marguerite alisubiri kelele zitulie.

"Hatuna shangazi Salamabila," alisema, na bafle zikayabeba maneno yake nje. "Hatujakuwa naye hata siku moja."

Nabii alifungua kinywa kujibu. Ghafla alishtuka, akalifunika sikio kwa kiganja kana kwamba ameumwa na nyuki. Watu wote walimwona. Muda mfupi baadaye Hawa aliingia, mkononi micro ya nne aliyoichomoa kwenye chombo cha maua cha chumba cha maombi, maua ya plastiki bado yamenasa kwenye mpini wake.

"Nilimwita tu jina lake ndani ya hii," alisema.

Katika ofisi ya kanisa, Ismaël hakukana.

"Nilihubiri Neno vizuri, watu walisinzia. Walikuwa wanahama moja moja. Siku nilimutajia mama mmoja ugonjwa wake, alianguka chini analia kwa furaha. Kesho yake kanisa ikajaa. Ningeachaje?"

"Ulijua Musafiri anakimbia nani."

"Nilifikiria watu wa ndani tu. Sikufikiria wa barabarani."

"Bafle ulizigeuza barabarani wewe mwenyewe, nabii."

Alimfunga pingu mbele ya Estelle, aliyekaa chini kwenye saruji.

Jumanne chifu wa kijiji kimoja cha kando ya mto, upande maji yanakoelekea, alimpigia Hawa simu. Hawa akaikimbiza simu nyumbani kwa Consolée. Sauti ya Musafiri ilikuwa imekauka, lakini ilikuwa yake. Alisema Jumapili ya unabii wa kwanza upepo ulivukisha sauti ya nabii mpaka shambani. Alisikia habari zake mwenyewe, akatelemka na mto kabla ya usiku.

"Lakini nani alinitaja, dada?"

Consolée aliikaza simu sikioni.

"Ni miye. Nilikuwa nakuombea."



"Uniombee tena," Musafiri akasema. "Bado niko njiani."

Consolée alirudisha simu, akatoka uani, akapiga magoti karibu na mafiga. Midomo yake ilicheza muda mrefu. Hawa, aliyesimama hatua chache tu kutoka hapo, hakusikia hata neno moja.