Mgunga Uliohamia Chechelesi

Maziwa ya Asho yalianza kunuka majani mabichi mwaka ule wa themanini na nne, wakati Isiolo nzima haikuwa na jani bichi la kumdanganya mbuzi. Mama yake, Kinsi, alikinusa kibuyu mara ya kwanza akadhani pua yake inamchezea. Akakiosha, akakifukiza upya, akamimina maziwa ya ngamia, akanusa tena. Majani yale yale, na safari hii yana umande.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Pale Chechelesi kila nyumba ilikuwa na msiba wake: huyu ng'ombe wamekwisha, yule mume kaenda Garbatulla kutafuta malisho na hajarudi. Mtu hawezi kupita kwa majirani akilia kwamba maziwa ya mwanawe yana harufu nzuri.

Mumewe, Dualeh, alikuwa na lori. Babu yake alifika huku akiwa askari wa Wazungu, na alipomaliza kuwapigania akabaki, na tangu hapo ukoo wao ni wa kubeba mizigo ya watu. Dualeh alibeba mifugo kwenda sokoni. Ukame ulipoimaliza mifugo, lori likalala uani, na Dualeh si mtu wa kulala. Akamchukua Njeru, mkata miti hodari kutoka upande wa Meru, wakaingia kwenye kingo za mto kuchoma mkaa.

Wazee wa malisho wa Kiborana walikuwa na desturi yao kuhusu ile migunga ya mtoni. Mti unatikiswa uangushe matunda, mbuzi wale. Mambo yakizidi, unakatwa tawi. Shina haliguswi. Mzee Sora, aliyekuwa mmoja wao, alitembea kwa miguu yake kumweleza Dualeh hayo, akamkuta chini ya mgunga mkubwa kuliko yote, Njeru akinoa shoka.

"Hii ukingo yote imeshikwa na miti," Sora alisema. "Na hii mkubwa iko na wenyewe."

"Wenyewe wako na karatasi?" Dualeh akamuuliza, na Njeru akacheka.

Ulianguka siku hiyo hiyo. Gunia la kwanza la mkaa wake Dualeh alilipeleka nyumbani kama zawadi, na Kinsi akatoa humo kaa moja, akaliwasha mpaka likawa jekundu, akalitia ndani ya kibuyu cha Asho, akakifunika kikafukizika vizuri. Alizaliwa mjini. Yeye alijua tu kwamba kibuyu kisichofukizwa huharibu maziwa.

Baada ya hapo Asho, msichana wa miaka sita asiyejua kutulia, alianza kutulia. Adhuhuri, jua likiwa la kupasua kichwa, alitoka akasimama katikati ya uwanja, mikono ameinyoosha, vidole vya miguu amevizamisha mchangani. Kinsi alimwita, hakuitika. Mbuzi wawili waliobaki wakaja wakalala mbele yake, na hapo ndipo Kinsi alipotazama chini. Saa ile ya mchana kivuli cha mtu mzima hakizidi kiatu chake. Cha Asho kilikuwa kimejaa uwanja mzima mpaka ukutani, kina matawi, na matawi yalikuwa yakiyumba.

Kinsi alimbeba ndani mbio. Alimlaza mkekani, akaweka sikio kifuani mwake asikie moyo kama bado unapiga, na moyo ulikuwapo, ila mbali sana, na mbele yake palikuwa na sauti ya upepo ukipita kwenye majani, na ndege wadogo wakigombana, wengi, kama jioni wanapotafuta pa kulala. Hakuliondoa sikio hapo mpaka kulipokucha.

Racho, mama wa Kiborana aliyewauzia maziwa ya ngamia, ndiye aliyemkuta hivyo asubuhi iliyofuata. Alimwangalia mtoto, kisha akachukua kibuyu na kukinusa. Akakiweka chini taratibu.

"Mama Asho, hii umefukiza na nini?"

"Na mkaa. Ya baba yake. Ile ya mto."

"Ile mti mkubwa?" Racho alipunguza sauti. "Sisi ya kufukiza tunaokota tawi imeanguka yenyewe. Haina mtu ndani. Wewe umechoma huyo akiwa kwa nyumba yake. Moshi imeingia kibuyu, kibuyu imeingia mtoto."

Kinsi aliketi chini. Kwa mkono wake mwenyewe. Alikuwa amemnywesha mwanawe kitu kile asubuhi na jioni, na kila akisita kunywa alikuwa akimbembeleza amalize.

Kutoka hapo Asho hakula tena. Akawa anakauka kuanzia vidoleni, ngozi ikimenyeka kwa vipande vigumu vya kijivu. Dualeh, aliyekuwa akiyaita mambo hayo hadithi za wanawake, aliokota kipande kimoja mkekani, akakikunja, kikavunjika kama gome, na ujeuri wote ukamtoka. Alikwenda mwenyewe kumwita Maalim Shire.

Maalim alikuja baada ya sala ya alasiri, akasema salaam aleikum mlangoni, akasita, akatazama huku na huku kama mtu aliyejibiwa na wengi kuliko waliokuwamo. Alisoma. Alisoma mpaka jasho likamlowesha kanzu. Midomo ya Asho ikafunguka, na sauti iliyotoka ilikuwa nene, ya taratibu, wala haikuwa na hasira. Hilo ndilo lililomtisha Kinsi kuliko yote.

"Unaniambia nitoke," ilisema. "Nimekubali. Niende wapi?"

"Rudi ulikotoka."

"Nilikotoka kumo katika magunia. Nionyeshe mgunga kama ule."

Maalim alifunga kitabu. "Dualeh, imebaki yoyote?"

Ulibaki mmoja, mtoni, karibu na njia ya Kinna. Njeru alikuwa ameshautia alama ya shoka. Walimpakia mtoto kwenye lori, Maalim akiendelea kusoma, Kinsi akimshika mwanawe asiruke na mashimo ya barabara ile, na walipofika alimwegemeza shinani, mgongo kwa gome. Mti mzima ulitikisika, na hapakuwa na upepo. Asho akafumbua macho akaomba maji.

Kinsi alilia mpaka akacheka. Kivuli cha mtoto kilikuwa cha mtoto.

Nakwambia hakuna mlinzi wa msitu aliyepata kulinda kama Dualeh alivyoulinda mti ule. Alimfukuza Njeru. Akajenga kibanda pembeni, familia ikahamia, na mtu akipita na panga tu anafuatwa kwa maneno mpaka anapotea machoni. Alishukuru kila kulipokucha, na nadhani aliamini yamekwisha.

Mvua ilirudi mwaka uliofuata. Watu walitoka nje wakinyeshewa kwa furaha, na mto ukashuka kutoka milimani mwekundu, umejaa, na ulipofika pale palipokuwa na migunga haukukuta mzizi wa kuuzuia, ukaanza kula ukingo, ukaula mchana kutwa, mapande ya udongo yakidondoka majini, huku Dualeh akibeba mawe na Kinsi akibeba mawe na Sora naye amefika na wanawe wakibeba mawe, na kila jiwe lilimezwa kabla halijatulia, hadi mizizi ya ule mti wa mwisho ikabaki inaning'inia hewani, na Kinsi akaiona ikikunjika kama vidole vinavyotafuta pa kushika.

Alfajiri ulianguka, mto ukauchukua. Asho alikuwa kibandani na Racho, aliyekuja kumwangalia mtoto, akipasha moto mikono. Alisimama, akanyoosha mikono, na kivuli kikalijaza banda, kikapita ukuta, kikaenda mpaka majini. Kinsi na Dualeh walikiona, wakakimbia kibandani.

"Sasa niende wapi?" sauti ile iliuliza. Safari hii ilikuwa inatetemeka. Hata kitu chenyewe kiliogopa.

Maalim hakuwapo. Mti haukuwapo. Dualeh alipiga magoti kwenye tope akaanza kuomba radhi, na maneno ya radhi hayana mahali mtu anaweza kukaa. Ngozi ya mikono ya Asho ilikuwa inaanza kumenyeka.

"Kwangu," Kinsi alisema.

"Kinsi, nyamaza," Dualeh alimwomba.

"Mimi ndiye nilimwingiza kwa mtoto. Mimi niko mkubwa kuliko yeye, nitamtosha." Akamkumbatia mwanawe, akaweka mdomo wake juu ya mdomo wa Asho, akavuta pumzi ndefu, kama anavuta moshi.

Asho alianguka mikononi mwa Racho akilia kilio chake mwenyewe, kizuri, cha kitoto. Kinsi alijiinua. Alitembea hadi ukingoni, hatua za mtu anayejua aendako, akavua viatu na kuzamisha miguu kwenye tope.

Hiyo ni miaka minne sasa. Asho anasoma mjini na anaishi kwa Racho. Dualeh aliuza lori. Sora alimwonyesha jinsi ya kuokota mbegu za mgunga kwenye mavi ya mbuzi, kwa kuwa zilizopita tumboni ndizo zinazoota haraka, na Dualeh amezipanda ukingo mzima, akazizungushia miiba, anazimwagilia kwa debe kutoka mtoni. Wachungaji hupumzisha mbuzi kwenye kivuli kipana palipo na mwanamke mmoja tu aliyesimama, na wageni wakiuliza, wenyeji huwaambia wapite.

Jioni, akimaliza kumwagilia, Dualeh humnywesha mkewe maji kwa kiganja. Kisha huchagua mche ulio mrefu kuliko mingine. Mwaka huu upo mmoja uliomfikia kiunoni.

"Huu je?" huuliza. "Huu unatosha?"

Midomo ya Kinsi hufunguka taratibu, na ile sauti nene humjibu kwa upole.

"Bado."