Jeneza la Esteri Ndayikeza

Asubuhi ile Ndayikunda alikuwa anapepeta maharage uani kwake, kijijini Kagerankanda, redio ikiimba mapambio, wakati binti yake alipofika na watu wa kamera. Binti mwenyewe ndiye Esteri Ndayikeza, Keza kwa mama yake. Kama humjui kwa jina, basi unamjua kwa vifo vyake.

Esteri alikuwa fundi wa kufa. Alianza kambini, enzi hizo familia yao imekimbia Burundi, akiigiza na vijana wenzake juu ya jukwaa la mbao. Akafa kwa kipindupindu vizuri mno, hata mama mmoja akapanda jukwaani mbio na kikombe cha maji ya chumvi na sukari. Kutoka hapo akaenda Kigoma mjini, kisha Dar es Salaam, tamthilia moja baada ya nyingine. Amekufa kwa sumu, amekufa kwa ajali, amekufa akijifungua. Akipita sokoni Kasulu, wauza dagaa humtania, "Dada, umefufuka lini?" Naye hucheka hadi ashike kiuno, maana aliipenda kazi yake kuliko kula.

Mtu mmoja tu hakucheka, naye ni mama yake. Ndayikunda alizika watoto wawili njiani wakati wa kukimbia, akabaki na huyu. Majirani wakiwasha runinga, yeye huinuka na kwenda zake nyumbani. Na ndiye pekee ambaye Esteri hakuwahi kuweza kumdanganya. Utotoni akijitia homa asiende kisimani, mama alimtazama mara moja tu, akasema, "Inatosha," akampa ndoo.

Sasa Lukmani, mwongozaji wa tamthilia, alikuwa na wazo lake. Huyu ni mtoto wa mwenye duka pale Kasulu mjini, lakini Dar ilikuwa imemkaa kichwani. Alitaka Esteri azikwe kwao kwelikweli: kaburi la kweli, majirani wa kweli, na msalaba wenye jina lake mwenyewe. Ndiyo ingekuwa sini ya kufungia tamthilia, na Esteri alijua kwamba nafasi kama hiyo haiji tena kwa mwanamke wa umri wake.

"Huko Dar ufe utakavyo," mama yake alimwambia. "Hapa ardhi inatujua."

Esteri akabembeleza siku nzima. Mwishowe mama akakubali kwa sharti moja. Kwa wazee wa kule, kaburi likishachimbwa haliachwi tupu. Kama hakuna wa kuzikwa, huzikwa shina la mgomba, kaburi lipate cha kukumbatia. Ndayikunda akachagua mgomba mwenyewe, akaukata kwa kimo cha binti yake.

Siku ya kupiga picha, kijiji kizima kilikuja. Esteri alilala jenezani, majirani wakapita kumuaga, kisha akatoka na kujificha nyuma ya mti. Nestori, jirani aliyechimba kaburi, akaulaza ule mgomba mahali pake. Ndayikunda hakuwepo. Alikataa kuja kuona.

Lakini mgomba mbichi ni mzito. Wabebaji wakayumba, mmoja akateleza, jeneza likataka kupinduka.

"Kata!" Lukmani akafoka. "Toeni hilo gogo, linaniharibia picha!"

Nestori hakusogea. Alimtazama Esteri, na wengine wote wakamtazama. Neno lake moja lingetosha. Jua lilikuwa linashuka na mwanga wa picha ulikuwa unakwisha.

"Ni igizo tu, Nestori," alinong'ona.

Mgomba ukatupwa kwenye mahindi. Jeneza likashuka jepesi, likafukiwa tupu. Watu walilia vizuri sana, na kamera zilipozimwa wengine waliendelea kulia, wakashindwa kunyamaza.

Jioni mama alimngoja mlangoni.

"Mgomba uliwekwa?"

"Uliwekwa, Mama."

Ndayikunda akamkazia macho. Esteri hakupepesa, akatulia kama anavyotulia mbele ya kamera. Polepole uso wa mama ukalegea. Alikuwa ameamini. Kwa mara ya kwanza maishani, alikuwa amemwamini. Esteri alijisikia fahari kidogo, halafu akasikia baridi mgongoni.

Mama akachota maji, akanawa mikono kizingitini kama wanavyonawa waliotoka kuzika. Akasema, "Basi, yamekwisha."

Kesho yake wakaenda kulifukua jeneza, kwa kuwa lilikuwa la kuazima kwa fundi seremala. Kamba zilikaza, vijana wakavuta, jeneza halikuinuka. Lukmani akacheka, akasema maji yameingia. Mvua haikuwa imenyesha. Nestori akashuka shimoni, akabandua mfuniko. Ndani kulikuwa kukavu. Hamkuwa na kitu ila kile kitambaa cheupe cha ndani, nacho kilikuwa kimebonyea katikati kama godoro lililolaliwa. Akafunika. Wakavuta tena. Halikuinuka.

Lukmani akakumbuka ghafla kwamba ana picha za kupiga Manyovu, mpakani. Akaahidi kumlipa fundi jeneza lake, akawapakia watu wake wote garini, na vumbi lao likaonekana hadi barabara kuu. Nestori akarudisha udongo. Esteri akabaki.

Usiku huo mama alipakua chakula. Akaweka ugali, akaweka maharage, akala. Sahani ilikuwa moja.

"Mama, na mimi?"

Ndayikunda akashtuka, tonge likaanguka. "Yoo! Keza wangu. Nilikusahau."

Mama ambaye hata kambini, chakula cha mgawo kikiwa cha kuhesabu punje, hakuwahi kumsahau! Asubuhi Esteri akaamka na kukuta nguo zake zimekunjwa na kufungwa kwenye kanga, kama zinavyofungwa nguo za marehemu zisubiri kugawiwa. Akamwita mama. Mama hakugeuka. Akamwita tena. Akamgusa bega. Ndipo Ndayikunda alipogeuka, macho yakamtafuta, yakapita pembeni ya uso wake, yakarudi.

Hapo Esteri aliogopa. Kufa alikuwa amekuzoea. Kusahauliwa na mama yake hakukuwa kazi aliyojifunza. Akapiga magoti palepale, akasema yote: mgomba ulitolewa, yeye ndiye aliyeruhusu, na alidanganya.



"Mimi nimekwisha kukuzika, mwanangu," mama alisema polepole. "Nimekwisha nawa."

"Turudishe mgomba, Mama. Twende sasa hivi."

Wakaenda mchana kweupe, wao wawili na Nestori. Nestori akafukua, akafungua mfuniko. Wakauokota mgomba kwenye mahindi, wakauvika gauni alilovaa Esteri jenezani, wakaushusha taratibu.

Haukulala.

Ulibaki hewani, shubiri moja juu ya kile kitambaa. Nestori akausukuma kwa mkono. Akausukuma kwa goti. Ulizama kidogo, ukarudi juu. Akapitisha mkono chini yake, kisha akautoa upesi na kuufuta kwenye suruali.

"Kuna mtu," alinong'ona.

"Hamna kitu humo, Nestori."

"Esteri. Kuna mtu."

Ndayikunda akasogea ukingoni, akainama. Akanong'ona kwa lugha yao ya nyumbani, kwa ile sauti laini ya kumwamsha mtoto.

"Vamwo, mwana wanje."

Toka humo, mwanangu.

Mgomba ukashuka. Ukagonga mbao, pu.

Walifukia haraka. Wakati wa kurudi mama alitangulia njiani. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeachana kidogo na mwili, vidole vimekunjwa, kama anayemwongoza mtu. Esteri alikuwa nyuma yake, mbali. Alijiambia kwamba mama amechoka.

Na kweli mambo yakatulia. Majirani wakamsalimia, wauza dagaa wakamtania, mama akampakulia chakula bila kukumbushwa. Esteri akarudi Dar. Tamthilia ikaonyeshwa, watu wakalia nchi nzima, na sifa zikamjia ambazo hakuwahi kuziota. Kila jioni alimpigia mama simu. Mama alikuwa na sauti ya furaha, furaha ambayo Esteri hakuisikia tangu utoto, naye akamshukuru Mungu.

Mpaka jioni moja.

"Subiri kidogo," mama alisema, "Keza ananimiminia maji."

Esteri akaganda. Simuni yalisikika maji yanamiminwa, taratibu, kutoka juu.

"Mama. Ni mimi Keza."

Maji yakakoma.

"Najua," mama alinong'ona, na simu ikakatika.

Alipanda basi alfajiri. Alipofika Kagerankanda kesho yake, jua lilikuwa bado juu. Mama hakuwa nyumbani. Akamkuta shambani, ameketi kwenye tuta, anapumzika. Shamba lile zamani magugu yalikuwa yakimshinda, maana ni bibi mzee anayeishi peke yake. Sasa maharage yalikuwa masafi mwanzo hadi mwisho.

"Mama, nani anaishi na wewe?"

Ndayikunda hakujifanya hakuelewa. Alimkaribisha akae, kwa adabu, kama anavyokaribishwa mgeni.

"Wawili niliwazika njiani," alisema. "Wewe ukabaki. Halafu kila mwaka unanifia. Watu wanapiga makofi, mimi nakuzika. Siku ile pale shimoni, unadhani sikujua namwita nani?"

"Mama!"

"Nilijua. Nikaita hivyo hivyo. Huyu aliyetoka kaburini kwako hafi, Keza. Huyu anakaa."

"Na mimi je?"

"Wewe una kazi yako. Rudi kazini."

Esteri akalia. Hapakuwa na kamera wala mwongozaji. Alilia kilio chake cha kweli, cha makamasi, kile ambacho hakuna mtazamaji aliyewahi kukiona, akimshika mama yake miguu na kumsihi amchague yeye. Mama akamtazama mara moja tu.

"Inatosha," alisema.

Akainuka, akaokota jembe lake, akaanza kulima. Esteri akafuta macho. Ndipo alipoona kwamba mistari iliyolimwa upya ilikuwa miwili, inakwenda sambamba, na mwisho wa ule wa pili lilikuwa limelala jembe jingine. Hapakuwa na mtu. Akalisogelea, akainama, akalishika.

Mpini ulikuwa na joto, umelowa jasho.