Mkwaruzo Ndani ya Tangi la Maji Moto

Rafiki yangu fundi bomba si mtu wa kutia chumvi, ndiyo maana haya yananikosesha raha. Mama mmoja mjane alimwita alisafishe tangi la maji moto lililokuwa darini.

“Linakwaruza ndani, mwanangu. Mjukuu wangu hataki tena kuoga.”

“Ni chokaa ya maji tu iliyoganda, mama,” alijibu, ingawa moyoni alishuku panya.

Alizima umeme, akamwaga maji yote, lakini mle gizani mkwaruzo haukukoma: kwaru, kwaru. Akachomoa koili ya kuchemshia, akamulika kwenye tundu lake lisilopitisha hata ngumi. Mkwaruzo ukanyamaza ghafla. Kwenye chokaa nyeupe palikuwa na alama ya kiganja, vidole vyote vitano, na chokaa ilikuwa bado ikimomonyoka pembeni mwake.