Majivu ya Bibi Mwanamvua

Kila asubuhi Bibi Mwanamvua alizoa majivu ya jikoni akayamwaga chooni. Ndivyo alivyozoea kwao Msimbu. Choo chake cha shimo kule hakikunuka wala hakikujaa nzi. Sasa alikuwa akiishi Mbwawa, Kibaha, kwa mwanawe Mashaka.

Choo cha Mashaka kilikuwa kipya, cha kumwagia maji. Alikijenga mwaka 1979, baada ya mwanawe Jumbe kufa kwa kuhara. Bibi alikuwa akimtania Jumbe kwa kumwita "mume wangu". Mboni, dada mdogo wa Jumbe, Bibi alimwita "mke mwenzangu". Tangu Jumbe azikwe, utani ulikwisha nyumbani mle.

Siku moja choo kiligoma. Maji yalisimama kwenye sinki, hayashuki. Mwanahalima, mke wa Mashaka, akamwaga ndoo nyingine, na nyingine tena. Uchafu ukapanda, ukafurika sakafuni.

"Kwa sasa haja twendeni mikoroshoni," Mashaka alisema kwa unyonge.

Mikorosho ile ilikuwa kwenye mwinuko, na kisima chao kilikuwa chini yake. Mvua ikanyesha, maji yakateremka kuelekea kisimani. Haukupita muda, Mboni akaanza kuhara. Macho yake yakaingia ndani. Wakamkimbiza zahanati, naye akalazwa, mama yake akibaki kumuuguza. Mwanahalima hakulia. Machozi yote alikuwa ameyamalizia kwa Jumbe.

Kesho yake Bwana Afya, jina lake Gregori, alifika nyumbani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Huyu mtoto wa pili. Tuna nini sisi?"

Gregori aliinama, akatazama ndani ya sinki. "Nani anamwaga majivu humu?"

"Mimi. Nafukuza harufu."

"Kwenye choo cha shimo ulifanya vizuri, bibi. Lakini hiki kina kona chini ya sinki. Maji yanayokaa pale ndiyo yanayozuia harufu na nzi. Majivu yakituama pale, yanashikana kama tope, njia inaziba."

Bibi akakaa chini palepale. "Kumbe ni mimi," alisema. "Mimi mwenyewe!"



Mashaka alijifunga mifuko ya nailoni mikononi. Alichota maji machafu kwa kopo kuukuu, wakayafukia mbali na kisima. Gregori akafunga matambara kwenye ncha ya mti.

"Sukuma, vuta. Usichokonoe kwa chuma, utaivunja kona."

Mashaka alisukuma na kuvuta mpaka jasho likamtoka. Mwishowe maji yakakoroma, yakashuka.

"Sasa mwaga maji mengi kwa mkupuo mmoja. Ukimwaga kidogo kidogo, uchafu hauendi. Na msitupe humu majivu, mchanga, magunzi wala matambara. Kule mikoroshoni kafukieni uchafu wote. Maji ya kunywa yachemsheni. Mkitoka chooni, naweni kwa sabuni."

Mboni alirudi amekonda, lakini hai. Choo hakikuziba tena. Majivu Bibi aliyapeleka kwenye mihogo.

Lakini kila Mboni alipoingia chooni, Bibi alisimama nje ya mlango akisikiliza.

"Yameshuka, mke mwenzangu?"

"Yameshuka, bibi."

Hapo ndipo alipoondoka, akaenda kumshikia sabuni.